Kufundisha Kanuni za Usalama: Kutoka Maneno ya Sheria Hadi Kazi Yenyewe

Utangulizi

Mwanachuo anayekwenda mazoezini huenda akakuta, katika stoo ya majembe au karakana ya shule, karatasi iliyobandikwa ukutani yenye orodha ya kanuni za usalama: usicheze na zana; tumia zana kwa uangalifu; kaa mbali na mwenzako anayefanya kazi. Wanafunzi wengi huzijua kanuni hizo kwa moyo. Lakini mwulize mmoja wao neno "mbali" maana yake ni hatua ngapi anapopalilia mahindi, na hatua ngapi anapofyeka majani, naye atanyamaza. Ameyapokea maneno ya kanuni, wala hajaipokea kanuni yenyewe. Siku atakapoumia au kumwumiza mwenziwe, maneno hayo yatakuwa yangali ukutani.

Makala haya yamekusudiwa kumsaidia mwalimu mtarajiwa wa shule ya msingi aweze:

(a) kueleza kwa nini kanuni ya usalama wa kazi haina budi kufasiriwa kwa kila hali ya kazi;

(b) kutambua tofauti baina ya kanuni isiyo na masharti na kanuni inayoacha nafasi ya kupima;

(c) kuandaa na kufundisha somo ambalo wanafunzi wenyewe wataichukua kanuni moja na kuitumia katika kazi kadha wa kadha;

(d) kuutambua wajibu wake mwenyewe anapowapa watoto kazi.

Kwa nini kanuni huhitaji kufasiriwa

Sheria za usalama huandikwa kwa ajili ya watu wengi ambao mtunga sheria hawajui, na kwa kazi nyingi ambazo hajaziona. Hapo kale nchini Tanzania zilitumika sheria za viwanda zilizowekwa mwaka 1950, nazo zilifuata kwa mengi sheria za Uingereza. Mahali pake pamechukuliwa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, ambayo haikomei kwenye kiwanda bali inafika pia katika sehemu nyingine za kazi. Kenya nayo ilitunga sheria yake ya namna hiyo mwaka 2007. Juu ya sheria za nchi uko Mkataba Namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1981. Mnamo mwaka 2022 shirika hilo lilitangaza kuwa mazingira salama na yenye afya kazini ni miongoni mwa haki za msingi za mfanyakazi.

Hata hivyo hakuna sheria iwezayo kutaja kila ngazi, kila panga na kila shimo. Tuchukue mfano. Kanuni yasema kwamba kingo za shimo refu ziimarishwe ili zisimwangukie mchimbaji. Watu wawili wanachimba mashimo ya vyoo. Mmoja anachimba katika udongo wa kichanga karibu na pwani, mwingine katika mwamba mgumu. Mmoja anachimba wakati wa kiangazi, mwingine baada ya mvua ya siku tatu. Mmoja ameutupa udongo mbali na shimo, mwingine ameurundika ukingoni, na uzito wake unaukandamiza ukingo huo. Maneno ya kanuni ni yale yale, lakini yanayotakiwa kufanywa si sawa. Kule kwenye kichanga, shimo lenye kina cha kifua cha mtu laweza kuua, kwa maana mita moja tu ya mchemraba ya udongo huwa na uzito unaozidi tani moja, na aliyefukiwa hadi kifuani hushindwa kuvuta pumzi.

Kuifasiri kanuni, basi, ni kuuliza: kanuni hii ilitungwa kuzuia madhara gani, na hapa nilipo, kwa kazi hii, madhara hayo yaweza kuja kwa njia gani?

Mafunzo manne kutoka mahakamani

Mwalimu wa shule ya msingi hatakiwi kuwa mwanasheria. Lakini zipo kesi chache za Uingereza ambazo zimekuwa maarufu kwa sababu zinaonyesha wazi jinsi kanuni inavyokutana na kazi. Maamuzi hayo hayazifungi mahakama zetu, ila hurejewa Afrika Mashariki kwa kuwa sheria zetu zilichota katika kisima hicho. Zaweza kusimuliwa darasani kama hadithi fupi.

*La kwanza: kanuni isiyo na masharti.* Sheria ya viwanda ya Uingereza ya mwaka 1937 iliamuru kwamba kila sehemu ya hatari ya mashine izingirwe imara. Fundi mmoja aliumia mkono kwenye gurudumu la kunolea linaloendeshwa kwa umeme. Gurudumu lilikuwa na kizuizi, lakini sehemu ndogo iliachwa wazi, kwani bila uwazi huo hakuna awezaye kunoa kitu. Kampuni ilijitetea kwamba gurudumu likizingirwa lote halitafaa kwa kazi. Mwaka 1955 Baraza la Malodi, ambalo wakati huo lilikuwa ndilo mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo, lilikataa utetezi huo. Sheria ilisema "izingirwe", haikusema "izingirwe ikiwa kazi itaruhusu". Baadaye, mwaka 1970, zilitungwa kanuni maalumu za magurudumu ya namna hiyo. Funzo lake ni kwamba kanuni ikiwa haina masharti, mwenye kuitumia hana ruhusa ya kuiwekea masharti yake mwenyewe. Kama kazi haiwezekani chini ya kanuni hiyo, wa kuibadili ni aliyepewa mamlaka ya kutunga kanuni, si fundi wala msimamizi wake.

*La pili: kanuni ya kupima.* Kanuni nyingine husema kwamba jambo lifanywe kadiri linavyowezekana kwa busara. Mwaka 1949 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilisikiliza kesi ya mchimba makaa aliyeuawa na ukuta wa njia ya chini ya ardhi ulioporomoka. Mahakama ilieleza namna ya kupima. Upande mmoja wa mizani iwekwe hatari yenyewe. Upande wa pili ziwekwe gharama, muda na taabu ya kuizuia. Mwenye mgodi hawezi kuachiliwa kwa sababu tu kinga ina gharama. Sharti aonyeshe kwamba gharama hiyo inaizidi hatari kwa mbali sana. Na anayetakiwa kuonyesha hivyo ni mwenye mgodi, si mjane wa marehemu. Katika kesi hiyo wenye mgodi walishindwa kuonyesha.

*La tatu: mtu mwenyewe.* Mfanyakazi wa gereji ya halmashauri moja ya London alikuwa na jicho moja tu lenye kuona, na mwajiri alijua. Mwaka 1942, alipokuwa akigonga boliti yenye kutu chini ya gari, kipande cha chuma kiliruka kikampiga jicho hilo zima, akawa kipofu. Hakupewa miwani ya kukinga macho, na haikuwa desturi kuwapa mafundi miwani kwa kazi ile. Kesi yake, ambayo imo katika taarifa za sheria za mwaka 1951, iliamuliwa kwa upande wake. Huenda kwa mtu mwenye macho mawili hatari ile ilionekana ndogo. Lakini kwa mwenye jicho moja hasara iliyomkabili ilikuwa kubwa zaidi, yaani giza la maisha. Wajibu wa usalama huangaliwa kwa kila mtu na hali yake.

*La nne: hali ya siku hiyo.* Mvua kubwa ilifurika ndani ya kiwanda kimoja cha Uingereza. Maji yakachanganyika na mafuta ya mashine, sakafu ikateleza. Wenye kiwanda walitandaza vumbi la mbao lote walilokuwa nalo, lakini halikutosha sakafu nzima. Mfanyakazi mmoja akateleza, akaumia mguu. Mwaka 1953 Baraza la Malodi liliamua kwamba wenye kiwanda hawakuwa na kosa: walifanya yote ambayo mtu mwenye busara angeyafanya katika hali ile, na hatari iliyobaki haikuwa kubwa kiasi cha kulazimisha kiwanda kizima kifungwe. Mwanachuo asiifiche hadithi hii kwa kuwa aliyeumia alishindwa. Inaonyesha kwamba kupima ni kupima kweli kweli, na kwamba mizani yaweza kuelemea upande wo wote.

Maswali matano ya kumwongoza mwanafunzi

Kutokana na mafunzo hayo twaweza kuunda maswali matano ambayo mtoto wa Darasa la Tano au la Sita aweza kuyashika.

1. *Kanuni inasema neno gani hasa?* Je, imesema "sharti" na "usithubutu", au imesema "kwa uangalifu" na "kadiri iwezekanavyo"? Neno la kwanza hufunga mjadala, na la pili hufungua upimaji.

2. *Inamkinga nani, na madhara gani?* Kanuni ya viatu hukinga unyayo dhidi ya makali na miba. Kwa hiyo kandambili hazitimizi kanuni hiyo mbele ya jembe, ingawa nazo zaitwa viatu.

3. *Kazi ya leo ikoje?* Hapa ndipo hutazamwa zana, mahali, wakati na mtu. Mpini umelegea? Ardhi imelowa? Jua limekuwa kali? Yuko mwenzetu asiyesikia vizuri akiitwa?

4. *Tuanze na kinga ipi?* Wataalamu wa usalama hupanga kinga kwa daraja. Kwanza ni kuiondoa hatari yenyewe. Isipowezekana, kubadili chombo au njia ya kazi. Kisha kutenganisha mtu na hatari kwa kizuizi. Kisha kupanga kazi vizuri kwa zamu, maelekezo na alama. Mwisho kabisa ni mavazi ya kujikinga. Mavazi yamewekwa mwisho kwa sababu yanaiacha hatari mahali pake, yakisubiri tu iponyoke.

5. *Nani ana wajibu, na nani aambiwe?* Mwanafunzi akiona hatari asiyoweza kuiondoa, kazi yake ni kusimama na kutoa habari. Mkataba wa mwaka 1981 unamtaka mfanyakazi amwarifu msimamizi wake mara moja anapoona hatari kubwa iliyo karibu, na wamlinda aliyejiondoa penye hatari ya namna hiyo kwa sababu za haki. Mtoto naye ajifunze mapema kwamba kutoa habari si kuchongea.

Somo la mfano

*Darasa:* La Sita. *Muda:* dakika 40. *Mada:* Umbali salama tunapotumia zana zenye makali.

*Madhumuni maalumu:* Mwisho wa somo kila mwanafunzi aweze kutaja umbali na upande wa kumwacha mwenzake anapotumia jembe, fyekeo na shoka, na kueleza sababu.

*Zana za kufundishia:* kamba, rula ya mita, chaki, na fimbo tatu zilizokatwa kwa urefu wa mpini wa jembe, wa fyekeo na wa shoka. Zana zenyewe zibaki stoo. Mwalimu anayefundisha usalama wa makali kwa kuwagawia watoto makali ameivunja kanuni kabla ya kuiandika ubaoni.

*Hatua ya kwanza: Utangulizi (dakika 5).* Mwalimu aandike ubaoni: "Anayetumia chombo chenye makali awe mbali na mwenzake kiasi cha kutoweza kumdhuru." Kisha aulize maana ya neno "mbali". Mazungumzo yaweza kuwa hivi:

"Mbali ni hatua tatu, Mwalimu."

"Hatua za nani? Zangu au za Darasa la Kwanza?"

"Za anayefanya kazi."

"Akiwa na jembe au akiwa na shoka?"

Hapo darasa litaanza kubishana, na ubishi huo ndio mlango wa somo. Mwalimu asitoe jibu.

*Hatua ya pili: Kupima (dakika 15).* Wanafunzi watoke uwanjani kwa vikundi vitatu, kila kikundi na fimbo yake. Mmoja aigize kazi polepole kwa fimbo, wengine watazame inakopita na kuweka alama ya chaki au kijiti mwisho wake. Tuseme mkono wa mwanafunzi umepimwa ukawa sentimeta 55 na fimbo ya jembe sentimeta 100. Jumla ni sentimeta 155. Mtu anayelima husogea, kwa hiyo iongezwe hatua moja ya sentimeta 50, iwe sentimeta 205. Ikiwa mbele yake yuko mwingine anayelima akimwelekea, naye anahitaji kiasi hicho hicho, na umbali baina yao hauwezi kupungua mita 4 na sentimeta 10. Hesabu hii iandikwe katika madaftari. Nayo ni zoezi zuri la hisabati.

*Hatua ya tatu: Kulinganisha (dakika 12).* Vikundi vitoe taarifa. Mwalimu awaongoze kugundua kwamba kinachotofautiana si urefu peke yake. Jembe hupanda na kushuka mbele ya mlimaji, hivyo hatari yake kubwa iko mbele, na pia nyuma linapoinuliwa. Fyekeo hupita ubavuni, hivyo hatari yake iko kushoto na kulia. Tena laweza kurusha jiwe au kipande cha kijiti mbali kuliko urefu wa mpini. Shoka laweza kuchomoka mpinini likaruka, na vibanzi vya kuni huruka pia. Kwa hiyo watazamaji wa mpasua kuni wasisimame mbele yake wala nyuma yake, hata wakiwa mbali na ncha ya shoka. Safu ya wanafunzi inayofaa kwa kupalilia, wote wakielekea upande mmoja bega kwa bega na nafasi baina yao, haifai kamwe kwa kufyeka.

*Hatua ya nne: Kuifasiri kanuni (dakika 5).* Kila kikundi kiandike sentensi moja inayoanza: "Kwa chombo chetu, mbali maana yake ni ..." Sentensi tatu hizo ziandikwe chini ya ile kanuni ya ubaoni. Wanafunzi wataona kanuni moja ikizaa maagizo matatu, na kila agizo lina sababu yake.

*Hatua ya tano: Hitimisho (dakika 3).* Mwalimu aulize: "Na kama mpini wa jembe umelegea, umbali huu unatosha?" Jibu linalotakiwa ni kwamba hautoshi, na kwamba umbali wo wote hautoshi, jembe hilo lirudishwe stoo. Mwanafunzi akijibu hivyo amepanda kutoka kinga ya kutenganisha hadi kinga ya kuondoa hatari, bila kutajiwa majina hayo.

Kutoka shambani hadi kwenye mashine ya kusaga

Baada ya somo hilo darasa laweza kutembelea mahali pa kazi halisi. Katika vijiji vingi mahali panapofaa ni kwenye mashine ya kusaga unga, kwani kila mtoto hutumwa huko. Mashine nyingi za namna hiyo huzungushwa na injini kwa mkanda mrefu. Pale mkanda unapoingia katika gurudumu lake ndipo penye hatari kuu: hunasa kitu cho chote kinachoning'inia, iwe pindo la kanga, mkono wa shati au nywele, na nguvu ya injini haimsubiri mtu apige kelele. Kadhalika vumbi la unga huenea hewani, na kelele humzuia msagaji kusikia anapoitwa.

Mwalimu aende peke yake kwanza, amwamkie mwenye mashine, amweleze kusudi la ziara na kuomba idhini. Aombe pia kwamba watoto waoneshwe mashine ikiwa imezimwa. Huenda akakuta kizuizi cha mkanda kimeondolewa na kuegemezwa ukutani. Asimkemee mzee wa watu mbele ya wateja wake. Amwulize kwa adabu kwa nini kimeondolewa, kwani jibu lake ni somo kubwa kuliko kizuizi chenyewe. Aghalabu sababu ni kwamba mkanda hukatika au hulegea mara kwa mara, na kukifungua kizuizi chenye boliti nyingi huchukua muda huku foleni ya wateja ikingoja.

Wakirudi darasani, wanafunzi wayatumie maswali matano. Kanuni ya mkanda ni ya namna ya kwanza au ya pili? Ikiwa sheria imesema mkanda uzingirwe, foleni ya wateja haiwezi kuwa hoja. Lakini fikira zisikomee hapo. Wanafunzi waulizwe: kizuizi cha namna gani kingefunguka upesi mashine inapozimwa, ili fundi asione faida ya kukitupa? Wengine watachora kizuizi cha wavu chenye bawaba na komeo, badala ya boliti. Kanuni nzuri isiyotekelezeka kwa urahisi huvunjwa na watu wema kila siku. Anayeifasiri vizuri huitafutia njia ya kutekelezeka.

Mambo ya kuepuka

*Kufundisha orodha.* Kanuni kumi zilizokaririwa hazina thamani ya kanuni moja iliyopimwa kwa kamba. Siku ikija kazi ambayo orodha haikuitaja, mwenye orodha hana la kufanya.

*Kutia hofu.* Hadithi za damu huwafanya watoto wacheke au waogope jembe. Kinachotakiwa ni waijue njia ya hatari, ili waizibe.

*Kuanza na mavazi.* Mwalimu anayesema "vaeni viatu" kabla ya kuuliza kama kazi yenyewe ni ya lazima ameanza ngazi kutoka kipago cha juu.

*Kusema kwamba ajali ni bahati mbaya.* Watu wengi husema ajali haina kinga. Msemo huo hufariji msibani, lakini haufai kuwa neno la kwanza karakanani. Kila ajali ina mlolongo wa sababu, na mwanafunzi afundishwe kuuliza ni kiungo gani kingeweza kukatwa.

*Kuchanganya kufasiri na kulegeza.* Hili ndilo zito kuliko yote, na wapo walimu wenye uzoefu wanaosema kwa sababu hii kwamba mtoto afundishwe kutii tu. Wanahofu kwamba ukimruhusu mtoto kuifikiria kanuni, kesho atafikiria sababu ya kuivunja. Hofu hiyo ina msingi. Lakini utii usio na maana hudumu pale tu mwalimu anapotazama, na kazi nyingi za mtoto hufanyika nyumbani ambako mwalimu hayupo. Jibu ni kuweka mpaka ulio wazi: mwanafunzi anapoifasiri kanuni aweza kuongeza kinga, kamwe hana ruhusa ya kuipunguza. Akiona kwamba kinga imezidi mno hata kazi haiendi, amwambie mwalimu. Kuweka hatari na gharama katika mizani ni kazi ya mwenye wajibu, na mtoto hajabeba wajibu huo. Akiwa na shaka, asimame.

Wajibu wa mwalimu mwenyewe

Yote yaliyotangulia yamrudia mwalimu. Yeye ndiye anayesema: "Vijana wawili wapande juu ya paa wakaangalie mabati," au "Darasa la Nne leteni maji." Mtoto hawezi kukataa kirahisi, kwani amelelewa kumheshimu mwalimu. Kwa hiyo mizani imo mikononi mwa mwalimu peke yake.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 yakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na yamruhusu mwenye miaka 14 kazi nyepesi tu, isiyodhuru afya na maendeleo yake wala kumzuia kuhudhuria shule. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo yatumia wazo hilo la kazi nyepesi. Kazi za shule si ajira, lakini kipimo hicho chamfaa mwalimu. Nyepesi kwa nani? Ndoo ya lita 20 ikijaa ina kilo 20 za maji, mbali na uzito wa ndoo. Kwa mtu mzima ni mzigo wa kawaida. Kwa mtoto mwenye kilo 30 ni theluthi mbili ya uzito wake, na mwendo wa kutoka bondeni waweza kuwa wa kupanda. Mwalimu aliyemwelewa yule fundi mwenye jicho moja hatasema kwamba kila mwanafunzi abebe ndoo moja. Atamtazama aliyetoka kuugua malaria, mwenye pumu, na aliyekuja bila kifungua kinywa. Atauliza pia swali la kwanza katika daraja la kinga: je, safari hii ya maji ni ya lazima, au twaweza kuvuna maji ya mvua kutoka paa la shule?

Kupanda juu ya paa ni jambo jingine kabisa. Hapo hapana mizani ya kushika. Anayeanguka kutoka paani huweza kufa au kulemaa, na bati lililochakaa halitoi onyo. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye ngazi na jukwaa, na mwalimu ajiwekee kanuni isiyo na masharti kwamba hatamtuma mwanafunzi huko, hata paa likivuja juu ya madaftari.

Hitimisho

Sheria huandikwa mjini na kazi hufanyika shambani, gerejini na jikoni. Baina ya hapo na hapo panahitajika mtu wa kuyachukua maneno na kuyauliza maana yake mbele ya mpini, mkanda na shimo. Wengi wa watoto tunaowafundisha watakuwa wakulima, mafundi, madereva, wachimbaji na wapishi, na wengine watawasimamia wenzao. Mwalimu akiwazoesha tangu sasa kuuliza maswali hayo matano, atakuwa ameweka kinga mahali ambapo mkaguzi wa serikali hatafika ila mara chache.

Mazoezi kwa wanachuo

1. Chagua kanuni moja kutoka karatasi ya usalama ya chuo chako. Ieleze kama ni kanuni isiyo na masharti au ni ya kupima, kisha taja neno linalokuonyesha hivyo.

2. "Jiko liwe mbali na wanafunzi wanapocheza." Ifasiri kanuni hii kwa jiko la mafiga la nje na kwa jiko lililo ndani ya jengo. Fikiria upepo, moshi, maji ya moto na njia ya kupitia kuni.

3. Andika andalio la somo la dakika 40 kwa Darasa la Tano juu ya kuchimba shimo la takataka la shule. Onyesha jinsi wanafunzi watakavyopima aina ya udongo kabla ya kuamua kina chake na mahali pa kutupia udongo.

4. Katika kikundi, jadilini kesi ya kiwanda kilichofurika maji. Ingekuwa sakafu ya bwalo la shule baada ya mvua, na vumbi la mbao halitoshi, je, mngewaruhusu watoto kuingia kula? Toeni sababu za pande zote mbili kabla ya kuamua.

5. Orodhesha kazi zote ambazo wanafunzi hufanya katika shule yako ya mazoezi kwa juma moja. Kwa kila kazi andika kinga iliyopo na daraja lake. Ni kazi ipi ambayo wewe, ukiwa mwalimu wa zamu, ungeifuta kabisa?